MJADALA: Msimu mmoja wa kazi ya mikono kabla ya kidato cha tano au chuo, uwe sharti?

Mtoa mada, Buhongwa

Wakuu, habari za majukumu. Naleta hoja iliyozuka kwenye kikao cha wazazi wa kidato cha nne huku kwetu Buhongwa, Mwanza, na kikao kikaisha bila muafaka. Mzazi mmoja alisimama akasema vijana wetu wanafika chuo hawajui hata kugawa hela ya wiki, kwa hiyo liwekwe sharti: hakuna kidato cha tano wala chuo mpaka umalize msimu mmoja wa kazi ya mikono, iwe shambani, ziwani au kwa fundi, na uwe na mtu wa kukusainia. Nusu ya ukumbi walipiga makofi, nusu wakaguna.

Mimi niko na waliopiga makofi, ila sababu zetu hazifanani. Wao wanasema kijana "atakomaa". Hayo ya kukomaa kwa jembe siyaamini sana, maana wapo waliolima tangu utoto na bado walitapeliwa stendi ya Nyegezi siku ya kwanza tu waliyoshuka. Mimi naangalia kalenda na hela.

Kalenda kwanza. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, kidato cha tano kinafunguliwa Julai. Kwa Kanda ya Ziwa huo ni msimu kamili wa pamba. Mbegu inaingia ardhini kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, mnapunguzia miche, mnapalilia, mnapambana na funza wa vitumba, Mei hiyo mnachuma na soko linafunguliwa. Baraza la Mitihani limewapa watoto wetu msimu mzima pasipo kukusudia, nao wanaumalizia kwenye simu.

Hela sasa. Mkulima wa pamba anashika hela kwa mkupuo mara moja kwa mwaka. Ada, bati, deni la dukani na mbegu ya msimu ujao, vyote vinaitazama hela hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye mkopo naye analipwa kwa mkupuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini haiji kila siku, inaingia kwa pamoja, ndiyo hiyo wanaiita boom. Pita Malimbe, wanakopanga wanachuo, boom likiwa limeingia uone foleni kwa wakaanga chipsi. Rudi wiki sita baadaye uwaone wale wale wakiomba mihogo ya mkopo. Kijana aliyewahi kuuza pamba yake mwenyewe na kuigawa hela yake mpaka mvua nyingine, huyo hawezi kumaliza boom kwa siku kumi.

Karibuni mnipinge.

Mkulima, Kwimba

Ndugu wa Buhongwa, wewe una shamba au unasimulia?

Watoto wetu hawasubiri kidato cha nne ndipo wajue jembe. Ana miaka tisa anachunga, ana kumi na moja anajua kupandikiza mpunga kuliko bwana shamba. Majaruba yakishajaa maji mwezi wa kwanza na wa pili, pita shule yoyote ya huku uhesabu madawati matupu. Halafu huyo huyo ndiye anafeli, anaambiwa hana akili, na wa kwako anayefika shuleni Igoma kwa daladala anaonekana kichwa.

Leo mnataka sharti. Wa kwako atakuja na buti mpya, akae msimu mmoja, apige picha na jembe, aondoke na saini yake. Na wa kwangu naye atatakiwa atafute mtu wa kuthibitisha kwamba anajua kulima! Nani atasaini? Mtendaji? Kwa shilingi ngapi?

Jingine, vipande vya shamba vya kufundishia watoto wa mjini vitatoka kwa nani? Ardhi ya huku siyo ile mnayoisikia kwenye hadithi za babu zenu. Tumegawana mpaka tunalima kwenye njia za ng'ombe.

Mwalimu mstaafu, Magu

Naomba niingie hapa kwa sababu jambo hili lilishajaribiwa nchi nzima na wengi wenu hamkuwepo.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, ndiyo EK. Alitaka shule iwe na shamba, na shamba hilo liwe sehemu ya maisha ya shule na ya masomo yenyewe. Kilichosahauliwa ni kwamba alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua, na waone faida ya jasho lao. Sisi tulichukua jembe. Daftari la mapato likabaki ofisini.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Siku ya EK mtoto anakuja na jembe begani. Pamba ikikomaa, wanafunzi wanachuma na kuitenga, pamba safi huku, fifi (ile chafu) kule, kazi ya vidole vidogo kutwa nzima. Gari linakuja, mizani inasomwa na watu wazima, mzigo unaondoka. Kesho yake hakuna mwanafunzi hata mmoja anayeambiwa ulikuwa kilo ngapi. Juu ya hapo, aliyechelewa namba anapelekwa shambani. Aliyepiga kelele, shambani. Mnategemea mtoto huyo akiwa na miaka 20 aliwazie shamba nini? Kwake ni mahabusu.

Na hasara haikuishia kwenye hela. Shamba ni darasa la hisabati ambalo hatukulitumia. Pamba siku hizi tunaelekezwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30. Mpe mtoto wa darasa la sita kamba yenye mafundo, mwache apime, kisha muulize ekari moja, ambayo ni kama mita za mraba 4,000, itachukua mashimo mangapi. Atafuta, atakosea nukta, atarudia, mwishowe atapata zaidi ya 22,000. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini mama yake analala na mgongo unamuuma. Ukiriguru, pale Misungwi, pamba inafanyiwa utafiti tangu enzi za mkoloni. Ni watoto wangapi wa shule za jirani wamewahi kuingia geti lile?

Kwa hiyo sharti siliungi mkono. Sharti litazaa EK ya pili.

Kijana, Igogo

Jeshi la Kujenga Taifa si lipo? Mafunzo yake ya mujibu wa sheria yalirudishwa 2013, miezi mitatu, unalima, unakimbia mchakamchaka, basi. Mnaunda kitu gani kipya hapa?

Mtoa mada, Buhongwa

Mdogo wangu, JKT ni baada ya kidato cha sita. Na huko kambini hakuna anayeuza mazao yake mwenyewe akarudi na hela ya kugawa. Hoja yangu ni hela, siyo mchakamchaka.

Mwanafunzi mwaka wa pili, Malimbe

Shikamooni wakubwa. Nimezaliwa Ukerewe, nimelima muhogo, nimeanika dagaa mchangani, nimebeba maji. Sasa naomba nimjibu mtoa mada kuhusu boom, maana ametuhukumu kwa foleni ya chipsi.

Mzee, unajua mwenye nyumba huku anataka kodi ya miezi mingapi? Mitatu ukiwa na bahati, wengi wanataka sita. Boom likiingia, linamwona yeye kwanza. Kinachobaki tunajiunga wanne chungu kimoja. Mmoja wetu anadamkia soko la Mwaloni pale Kirumba kuchukua dagaa kwa bei ya jumla, mwingine nyumbani kwao wanamtumia michembe (viazi vitamu vikavu) kwenye kiroba, unga tunanunua kwa pamoja. Hizo chipsi ni za siku moja. Wewe ulipita siku hiyo moja.

Kulima kulinisaidia? Kunisaidia kuvumilia njaa, labda. Kilichonitesa mwaka wa kwanza ni kompyuta. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Maombi ya mkopo ni mtandaoni, kuomba chuo ni mtandaoni, matokeo ya mitihani ya chuo ni mtandaoni. Kazi ya kwanza ya kuandika ilitakiwa iwe imechapwa, nikampelekea mtu wa steshenari karatasi yangu ya mkono, akachapa kurasa sita huku namwangalia vidole. Hela ile ingenilisha siku tatu. Darasani kwangu kuna mtoto wa Capri Point, kwa wenye nazo, ameanza kuchapa tangu chekechea, lakini hajui kuwasha jiko la mkaa.

Kama mnataka msimu, basi kila mtu apelekwe kwa kile asichokijua. Mimi nisipelekwe shamba. Nipelekwe kompyuta hiyo miezi ya Novemba mpaka Julai, yule wa Capri Point ndiye aende Kwimba.

Mkulima, Kwimba

Huyu kijana asikilizwe.

Mama lishe, Mkolani

Mnajadili vizuri, ila mnasema "kijana, kijana", na kijana wenu wote ana ndevu.

Hapa kwangu wanafunzi wanakula kila siku. Wavulana ndio wateja. Wasichana wanakuja kuniuliza nyanya nanunua wapi. Mabinti walishamaliza huo msimu wenu tangu darasa la tatu: kupika, kulea wadogo zao, kuteka maji, kupeta mpunga. Kama ni kusainiwa, nitawasainia wote leo kabla ya saa nne. Wavulana ndio wanaofika chuo hawajui wali unapikwa kwa maji kiasi gani. Mmoja alinunua mtungi wa gesi akakaa nao wiki nzima anaogopa kuuwasha.

Hilo ni la kucheka. Hili sasa si la kucheka. Mtoa mada anasema Novemba mpaka Julai ni msimu umekaa bure. Kwa binti haukai bure. Binti akishafanya mtihani wa mwisho anahesabiwa kamaliza shule, na huko vijijini miezi hiyo ndiyo ya barua za posa. Sheria ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi inamlinda, lakini huyu matokeo hayajatoka, wazee wanasema si mwanafunzi tena. Ukichelewesha masomo yake kwa sababu ya saini ya msimu, mwingine hutamwona tena darasani, utamkuta mgongoni ana mtoto. Nina mpwa wangu Sengerema, alichaguliwa kidato cha tano wakati mahari imeshaliwa.

Kwa hiyo hapana. Sharti lisiwepo.

Fundi wa kuchomelea, Nyakato

Sera mpya mmeisoma? Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeshaweka mikondo miwili sekondari, elimu ya jumla na elimu ya amali, na shule chache zilianza amali 2024. Kwa karatasi jambo lenu limeshajibiwa. Uchomeleaji ni amali, kilimo ni amali, ufugaji wa samaki ni amali.

Kwa karatasi, nasema. Kuchomelea hakufundishiki ubaoni. Mtoto lazima achome, aharibu, asage kwa grinda, achome tena. Fimbo za kuchomelea zinaisha na umeme unalipwa. Hapo gereji ya shule inataka hela kila wiki, wakati darasa la historia linataka chaki.

Na huo mpango wenu wa kuniletea watoto msimu mzima, nani analipa diski ikipasuka? Cheche ikiingia jichoni, hospitali ya Bugando nampeleka kwa hela ya nani? Aliyemaliza kidato cha nne wengi wana miaka 16, 17. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18. Mwenye wazo la "ziwani" kule Buhongwa naye aniambie, kulala majini na taa za dagaa na mawimbi ya mwezi wa saba, hiyo anaiita kazi nyepesi?

Mimi vijana nachukua, siku zote nimechukua. Nachukua anayekuja kwa miguu yake akaomba. Aliyeletwa kwa nguvu anavunja vitu.

Mtoa mada, Buhongwa

Nimewasikia. Saini naiondoa, mkulima wa Kwimba ameiua na mama lishe ameizika. Ziwani naondoa pia.

Lakini kalenda siiachi, na hela siiachi. Nageuza pendekezo. Iwe hiari. Kata itafute wenyeji wanaotaka, mwenyeji alipwe na mzazi kama anavyolipwa mwenye bweni. Kijana apewe kipande chake, kidogo tu, ashike daftari lake, mbegu na dawa ziandikwe, pamba ikipimwa awe amesimama mbele ya mizani, na hela iingie kwa jina lake. Kila kitu alichokosa mwanafunzi wa EK. Anayetaka samaki, Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, waombwe kozi fupi ya kufuga samaki kwenye vizimba, maana vizimba vinaongezeka ziwani na wanaojua kupima chakula cha sato ni wachache. Anayetoka visiwani au vijijini aje mjini miezi hiyo hiyo akae kwenye kompyuta.

Mimi naanza na wa kwangu. Kijana wangu anamaliza mwaka huu.

Mkulima, Kwimba

Sasa tunaelewana. Aje. Nitampa mistari kumi pembeni ya ya kwangu, aone mwenyewe ipi imepaliliwa kwa wakati. Dawa aje nayo. Mvua ikikata mwezi wa pili, hasara ni yake, nisije nikapigiwa simu na mama yake. Tena tuandikishane, mbele ya mtendaji, bila hela ya mtendaji.

Na mimi nina binti, naye anamaliza Novemba. Nataka akae kwenu Buhongwa ajifunze kompyuta, mpaka Julai. Hapo hatudaiani.

Mama lishe, Mkolani

Kabla hamjaandikishana: huyo binti atalala chumba kipi, na mchana pale nyumbani anabaki na nani?