Adungu (kinubi cha kwetu) inameza sauti ya mwimbaji, nimezungusha EQ (ikwalaiza) mpaka masikio yamechoka. Msaada wadau

MwanaArua (Jumanne, saa 4 usiku)

Habari zenu wakuu. Nina kistudio hapa Arua, Uganda, chumba kimoja cha mita 3 kwa 3, bati juu, dari hakuna, kwa hiyo mvua ikinyesha kazi inalala. Nimerekodi kikundi cha akina mama wa upande wa Nebbi. Vyombo ni adungu tatu: ndogo, ya kati, na ile kubwa ya besi. Kila chombo nilikirekodi peke yake kwa maiki moja ya kondensa, sauti ya mama kiongozi ikaja mwisho.

Kwenye hedifoni zangu wimbo ni mtamu. Nikamtumia mama kiongozi, akasikiliza kwenye simu, kisha kwenye spika ya boda ya kijana wake. Akanipigia: "Mwanangu, mbona umeniimbisha ndani ya mtungi?"

Niliyoyafanya kwenye Fruity Parametric EQ 2 (plagini ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, nyembamba hadi nzito): sauti ya mama nimeinua masafa ya 3,000 Hz kwa dB (desibeli) 8 ili maneno yatoke, na 10,000 Hz kwa dB 5 ili ing'ae. Adungu kubwa nimeinua 60 Hz kwa dB 6 ili simu nayo ipate besi. Matokeo: herufi s zinachoma masikio, besi inavuma kwenye noti moja tu, na maneno bado yamo mtungini. Ile Q nimeiacha kama nilivyoikuta, sijui hata kazi yake. Wimbo unatakiwa Jumamosi, kuna arusi.

Kijana_Wandegeya

Kaka futa EQ yote, tupia kwenye zile programu za mastaringi (kumalizia wimbo) za kompyuta inayojifikiria yenyewe, ulale.

MwanaArua

Nilijaribu. Sasa ni mtungi wenye sauti kubwa.

FundiKatwe

Nimecheka, lakini tuje kwenye kazi. Tuanze na hiyo Q, maana bila yake huna parametriki, una zile ikwalaiza za vijiti 31 zinazokaa kanisani. Kwenye zile, kila kijiti kimepangiwa masafa na upana wake kiwandani, wewe unapandisha na kushusha tu. Parametriki inakupa mambo matatu kwa kila bendi: masafa gani, dB ngapi, na upana gani. Jina hilo lilishika tangu fundi sauti George Massenburg alipopeleka karatasi yake Audio Engineering Society, chama cha mafundi sauti, mwaka 1972, na plagini yako ya leo bado inafuata mambo yaleyale matatu.

Upana ndio Q, na hesabu yake ni ya shule ya msingi: masafa ya katikati gawanya kwa Q. Ukiinua 3,000 Hz na Q ni 1, umegusa eneo lenye upana wa kama 3,000 Hz. Ulidhani unainua maneno. Umeinua maneno, pumzi, mate ya mdomoni na mlio wa bati. Tena kwa dB 8! Hiyo ni kuzidisha wimbi mara 2.5 hivi, mahali ambapo sikio la binadamu ni kali kuliko kwingine kote, kati ya 2,000 na 5,000 Hz. Huko ndiko ukali wa kilio cha mtoto mchanga unakopigia, hatukuumbwa kukipuuza.

Sasa mtungi wenyewe. Haupo 3,000. Upo kati ya 200 na 450 Hz. Hapo adungu ya kati, milio ya juu ya adungu kubwa, na kifua cha mama, wote wamekaa kwenye benchi la watu wawili. Ukimwongezea mama sauti, humpi nafasi, unampa sauti ya kugombana.

Ningekuwa wewe ningerudisha kila kitu sifuri. Sauti ya mama: kata chini ya 100 Hz kwa filta, mteremko wa dB 18 kwa oktavu. Sauti ya mwanamke ya kuongea huanza kama 165 Hz na kuimba hupanda zaidi, kwa hiyo huko chini hakuna mama, kuna miguu sakafuni na boda zinazopita. Adungu ndogo kata chini ya 150. Adungu kubwa usiikate chini hata kidogo, hiyo ndiyo nyumba yake. Kisha nenda kwenye adungu ya kati, punguza dB 3 au 4 karibu na 300, Q ya 1.2 hivi. Hapo sauti ya mama itaanza kutoka bila wewe kuigusa.

Halafu fanya hivyohivyo kwenye adungu ndogo na ya kati, karibu na 2,800 Hz, punguza dB 3. Kucha inapogonga kamba, ule mlio wa kugonga unaangukia palepale zinapokaa k na t za mwimbaji. Ndiyo maana maneno yanapotea hata ukiyapandisha. Usiinue maneno, shusha kucha.

Na jambo moja ambalo vijana hawaniamini: ukimaliza kila bendi, rekebisha ile gaini ya kutokea (ukubwa wa sauti inayotoka kwenye EQ) ili ukiwasha na kuzima EQ ukubwa ubaki uleule. Sikio hupenda kilicho kikubwa. Utadhani umeboresha, kumbe umeongeza volyumu.

MamaMiksa

Nakubaliana na FundiKatwe karibu kote. Naongeza tu: hayo yote yafanye nyimbo ikiwa inapiga nzima. Mimi nilipoteza miaka yangu ya kwanza hapa Jinja nikizima vyombo vingine vyote na kupamba kimoja kimoja. Kila kimoja kikawa bwana arusi, nikavikutanisha, hakuna anayemsikia mwenzake. Adungu ya kati ikisikika nyembamba peke yake, hilo halimhusu mtu, hakuna atakayeisikiliza peke yake.

Na ile mbinu ya kuinua bendi nyembamba dB 12 kisha kuitembeza huku na huku ukitafuta ubaya, mimi siipendi. Ukiinua popote kiasi hicho pataudhi. Sikiliza kwanza, useme kwa mdomo kinachokukera, ndipo ukitafute.

Ila MwanaArua, kuna kitu kinanisumbua kwenye maelezo yako. Hiyo noti moja ya besi inayovuma, analaiza (ile grafu ya masafa) inakuonyesha ngapi? Na inavuma hata kwenye hedifoni, au kwenye spika tu?

MwanaArua

Dada asante. Hata kwenye hedifoni. Ni kamba moja tu ya adungu kubwa, analaiza inaonyesha 115, 116 hivi. Kamba za jirani zake zipo sawa, hiyo ikiguswa meza inatetemeka.

MamaMiksa

Nilihisi hivyo. Sasa angalia. Kwenye joto la huko sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde. Gawanya kwa 116, wimbi lina urefu wa mita 3. Chumba chako ni mita ngapi?

Kwa hiyo kamba hiyo ikilia, wimbi linaingia chumbani kama mguu kwenye kiatu cha saizi yake. Linagonga ukuta, linarudi, linajipanda mgongoni, linakua. Na kwa kuwa chumba ni mita 3 pande zote mbili, linafanya hivyo mara mbili kwa mpigo mmoja. Si kosa la adungu wala la mpigaji. Kwa masafa hayo, mahali wimbi linapokuwa na nguvu ni kwenye kuta na katikati kabisa ya chumba. Mahali linapokaribia kupotea ni robo ya chumba, yaani sentimita 75 kutoka ukutani.

Maiki uliiweka wapi?

MwanaArua

Katikati. Nilipima kwa futi kabisa, nikitaka iwe mbali na kuta. 🤦🏾

FundiKatwe

Hahaha pole sana kaka. Umepima vizuri kosa.

MamaMiksa

Usijali, mimi niliwahi kurekodi kwaya nzima hivyo. Kwa sasa hapo ndipo Q inapokuwa kitu kingine. Weka bendi kwenye 116 hasa, Q ya 8, punguza dB 5. 116 gawanya kwa 8 ni 14.5, kwa hiyo unagusa upana wa Hz 14 au 15 tu, kamba za jirani hazitajua. Ungefanya hivyo kwa Q ya 1 ungeing'oa besi yote.

Lakini nikuambie ukweli, EQ itapunguza ukubwa wa mvumo, haitaufupisha. Noti hiyo itaendelea kujivuta mkia kwa sababu chumba ndicho kilichokuwa kinaimba. Kama mpigaji anaweza kurudi, rekodi adungu kubwa upya, maiki iwe sentimita 75 kutoka kuta mbili, na iwe karibu na ngozi ya chombo. Na usihangaike kuninginiza godoro, godoro la inchi nne litapunguza mlio wa bati na makofi ya ukuta, wimbi la mita 3 halilioni.

Busia_Saundi

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina mvumo wa 50 Hz kwenye kila rekodi, nimeukata kwa Q ya 10 bado upo. Kwa nini?

FundiKatwe

Kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz na mvumo wake unakuja na watoto: 100, 150, 200, wanaendelea. Ukimkata baba, watoto wanaimba. Usikate kwanza, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, angalia waya wa ardhi kama upo kweli au ni pambo, na jaribu laptop kwenye betri bila chaja. Fungua uzi wako tuje huko.

Gitaa_Nsambya

Mimi ni mpiga gitaa, EQ nawaachia nyinyi. Ila naona mnatafuta dawa ya ugonjwa ambao ungezuiwa kwenye mazoezi. Kwenye rumba tuna gitaa la akompa (la kusindikiza), mi-solo (la katikati) na solo. Kila moja lina sehemu yake ya shingo, na mwimbaji akifungua mdomo solo inanyamaza. Ndiyo maana bendi za zamani zilirekodiwa na maiki chache na maneno unayasikia. Hizo adungu tatu zinapiga zote mwanzo hadi mwisho? Kama ndiyo, zima ile ndogo kwenye beti, irudi mama anapopumua. Hiyo ni EQ ya bure.

FundiKatwe

Hapo mzee umenipita. Sina la kuongeza, isipokuwa hili la besi kwenye simu, MwanaArua. Ondoa zile dB 6 za 60 Hz leo hii. Kispika cha simu hakifiki huko, kinaishia mbali juu. Unachokifanya ni kujaza nafasi kwa kitu kisichosikika, halafu limita (kile kizuizi cha sauti isizidi) inasukuma wimbo mzima chini kila besi inapogonga. Msikilizaji wa simu hupata besi kwa kuotea. Kamba ya 116 ina milio yake ya juu, 232, 348 na kuendelea, akisikia hiyo ubongo unamjazia ile ya chini. Basi mpe adungu kubwa dB 2 karibu na 700 au 800, Q ya 1, simu itaipata.

MwanaArua (Alhamisi, saa 2 usiku)

Wakuu nimerudi. Nimefuta kila kitu nikaanza upya. Adungu ndogo nimeizima kwenye beti (mzee wa Nsambya, asante, hiyo peke yake ilinishtua). Ya kati nimepunguza dB 3.5 kwenye 320. Kucha nimezishusha. Sauti ya mama ina filta ya chini tu na dB 2 za kupunguza kwenye 6,500 kwa ajili ya s, hakuna nilichoinua hata kimoja, naona aibu nikikumbuka zile dB 8.

Kuhusu chumba: sikuamini, nikachukua kicheza-toni cha simu, nikatoa 116 kwenye spika nikatembea chumbani. Katikati inanigonga kifua. Nikasogea kuelekea ukuta, karibu na meza ikapotea kabisa kama mtu amezima. Nikarudi hatua moja, ikarudi. Nimemwita mdogo wangu aje aone, tumetembea kama wendawazimu nusu saa.

Mpiga besi anapanda gari kesho asubuhi, tunarekodi upya.

MamaMiksa

Hiyo ya kutembea na toni ndiyo shule yenyewe. Weka alama sakafuni kwa gundi ya karatasi, utaitumia miaka.

MwanaArua (Jumamosi, saa 5 asubuhi)

Mrejesho. Besi tumerekodi jana kwenye alama, mvumo umepungua sana, nimebakiza dB 2 tu za kukata pale 116. Nimemtumia mama kiongozi alfajiri. Amesikiliza kwenye boda ileile, akapiga simu akiwa anacheka, anasema ametoka mtungini, hata jina la bibi arusi linasikika.

Kisha akanyamaza kidogo. Akaniuliza: "Lakini kaka yangu mmempeleka wapi?" Kumbe anayepiga adungu ndogo ni kaka yake wa tumbo moja, na amekwishawaambia watu wa arusini kwamba yumo kwenye beti zote.

Gitaa_Nsambya

Mrudishe kaka. Chini dB 6, upande wa kushoto. Na mama umwambie kaka yake yupo.