Mjadala: Kuandikiwa utafiti ni huduma au ni wizi?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja imezagaa chuoni kwetu hapa Mwanza na mimi siiafiki. Wanasema kumlipa mtu akuandikie utafiti wa mwisho ni huduma tu. Wanauliza: mbona bosi ana mhasibu na hakuna anayemwita mwizi?

Bosi hatoi tamko kwamba hesabu zile kapiga mwenyewe. Sisi kurasa za mwanzo za utafiti zina tamko: kazi hii ni yangu, haijawasilishwa chuo kingine. Chini yake unaweka saini.

Kinachoniuma zaidi ni madodoso. Jirani yangu wa hosteli alikuwa anaandika juu ya mikopo ya akina mama wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kufika pale ni nauli ya daladala tu. Hakwenda. Alikaa kitandani usiku kucha akajaza madodoso 80, akibadilisha kalamu ili miandiko isifanane. Akina mama wale wana mengi ya kusema juu ya riba, na juu ya dagaa walionyeshewa na mvua kabla hawajakauka. Sasa maktaba ina kitabu kinachodai wameridhika na mikopo, na hakuna aliyewauliza. Mwakani mwingine atakinukuu kwa nia safi kabisa.

Mchangiaji 1: Mkuu, wewe bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, linaingia. Supavaiza wangu ana wanafunzi kibao, sura ya kwanza amekaa nayo mwezi mzima. Kiingereza chenyewe kinatupiga chenga. Na kazi yangu ya kuandikiwa ilipita Turnitin, ile programu ya kunasa maandishi ya kunakili, bila shida.

Mleta mada: Hilo la supavaiza nakubali, na chuo kinapaswa kulijibu. Lakini Turnitin inalinganisha maandishi yako na yaliyomo kwenye hifadhi yake. Nani alikaa kwenye kompyuta, haijui. Kazi mpya ya kununua inaweza kutoka na asilimia ndogo kuliko ya mtu aliyenukuu kwa haki na kutaja vyanzo vyote. Kuhusu Kiingereza, omba mtu akurekebishie sarufi na msimamizi wako ajue. Mawazo na data vikiwa vyako, sioni kosa. Ila kutafsiri aya ya mtu bila kumtaja ni wizi uleule, hata programu isipoona.

Mchangiaji 2: Mimi niko steshenari, nachapa kazi za wanafunzi. Kuchapa na kupanga kurasa naendelea. Kumwandikia mtu nimeacha. Mwaka juzi nilimwandikia kijana sura ya nne yote. Siku ya kuutetea utafiti wake akanipigia akiwa nje ya mlango, ananong'ona: "Dada, hii kai-skwea ndiyo nini?" Ni kipimo cha takwimu nilichokitumia kwenye sura ile. Nikamweleza haraka haraka, muda ukamwishia, akaingia. Alifaulu. Alinitumia ujumbe wa shukrani, nikashindwa kumjibu.