Bia ya Lewes na mbege ya Bibi

Kaka Brighton: Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo? Leo sikuwa na zamu hospitalini, nikapanda treni robo saa hivi mpaka Lewes, mji mdogo wa vilima huku Sussex, Uingereza. Nimeingia kilabu kimoja cha zamani, nikamkumbuka Bibi mpaka machozi yakanilengalenga.

Shangazi Moshi: Marahaba mwanangu. Bibi na kilabu cha Wazungu, wapi na wapi?

Kaka Brighton: Subiri nieleze Shangazi. Kinaitwa Lewes Arms, kipo karibu na ngome ya kale. Ndani ni vyumba vidogo vidogo, watu wanagusana mabega. Leo hapakuwa na muziki, ni mazungumzo tu. Mhudumu hakufuati mezani, unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa palepale.

Mpwa Arusha: Anko, bia yao ni ya baridi au ya moto?

Kaka Brighton: Si ya moto wala si ya friji. Kama maji ya mtungini! Pipa linakaa chumba cha chini ya ardhi, nyuzi 12 hivi, na halisukumwi kwa gesi. Mama wa kaunta anashika mpini mrefu, anauvuta taratibu kama mtu wa pampu ya kisima, bia inapanda kutoka huko chini. Imeingia glasi ikiwa na ukungu wa mapovu, ikaanza kutakata kutoka kitakoni kwenda juu, mpaka nikaona vidole vyangu upande wa pili. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Mama Mdogo Dar: Mwanangu nakuombea. Ugenini huko usije ukazoea.

Kaka Brighton: Nimekusikia Mama Mdogo, asante. Nimekunywa painti moja, mililita 568, kilevi asilimia 4, nimekaa nayo saa moja na nusu.

Mama Mdogo Dar: Haya. Ubarikiwe.

Binti Marangu: Nipo na Bibi jikoni, namsomea meseji zote. Anauliza wametia nini ya kuleta uchungu.

Kaka Brighton: Mwambie Bibi swali lake ndilo lililonifanya niandike. Wanatia maua ya mmea unaitwa hopsi. Kazi yake ni ileile ya msesewe, lile gome la mti analotia Bibi kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi! Inakata utamu, inaipa pombe uti wa mgongo. Na shayiri wanaiotesha kwanza, wanaikausha, inakuwa kimea, kama ulezi wetu.

Binti Marangu: Anasema basi hao wanaijua kazi. Anauliza inakaa siku ngapi.

Kaka Brighton: Siku tatu hivi pipa likishafunguliwa. Ikitoka kiwandani haijamaliza kuchacha Bibi, chachu bado ni hai, inamalizia humohumo pipani chini ya baa. Juu ya pipa wanachomeka kijiti cha mti laini ili ipumue, ikifika wanapotaka wanaweka kigumu kuifunga. Pipa la kawaida wanaliita firkin, kama lita 41, painti 72. Likifunguliwa linatakiwa liishe. Mwezi uliopita, baa ya mji mwingine, nilipewa iliyokaa mno, siki tupu. Niliirudisha wakanibadilishia bila neno.

Binti Marangu: Bibi: "Mwambie mbege ndivyo ilivyo. Anayeificha chumbani kwa wiki hakupika pombe, kapika ugomvi."

Baba Mkubwa: Nimechelewa kusoma. Sasa baa moja imekutoa machozi kwa nini?

Kaka Brighton: Shikamoo Baba Mkubwa. Ni habari niliyosimuliwa na mzee tuliyekaa naye meza moja. Lewes ina kiwanda chake, Harveys, kando ya mto Ouse, tangu 1790. Maji ni ya kisima chao, na chachu wanayotumia wanairithisha pishi hadi pishi tangu 1957. Ukiwa mtaani siku ya kupika unasikia harufu ya kimea. Sasa mwaka 2006 kampuni iliyokuwa na baa hii, Greene King, ikaiondoa bia ya Harveys ili iuze za kwake zinazopikwa Suffolk. Wateja wakasusa. Wakawa wanasimama nje mlangoni, Januari na Februari, baridi ya huku mnaisikia tu, wakiwasihi wapita njia wasiingie. Siku 133, Baba Mkubwa. Aprili 2007 Harveys ikarudishwa kaunta. Leo baa iko mikononi mwa kampuni nyingine, na mimi nimeinywa.

Baba Mkubwa: Siku 133.

Baba Mkubwa: Kilabu cha njia panda pale kwetu walipoondoa mbege wakajaza kreti za chupa, nani alisusa? Mimi nilikuwepo. Nilivuta kiti nikaagiza ya chupa. Sikuwahi kulifikiria kama kosa mpaka leo.

Shangazi Moshi: Wote tulinyamaza kaka.

Kaka Brighton: Hapo ndipo paliponiuma. Huku wana mpaka chama, CAMRA, tangu 1971, cha kutetea bia ya pipa isife mbele ya bia za gesi. Sisi Bibi ana miaka 81. Naomba tuambiane ukweli humu ndani: nani anajua kiasi cha msesewe?

Mpwa Arusha: Mimi sijui Anko.

Shangazi Moshi: Ndizi nazijua, kuchemsha na kuchuja. Msesewe ni mkono wa Bibi peke yake.

Baba Mkubwa: Sijui.

Binti Marangu: Mimi naishi naye na sijui. Huwa ananituma kuni wakati huo.

Binti Marangu: Bibi: "Haupimwi kwa kijiko. Gome likiwa la zamani unaongeza, likiwa bichi unapunguza, na lazima uonje. Hakuna aliyeniuliza." Amesema hivyo kisha akakaa kimya kidogo.

Kaka Brighton: Bibi, nakuuliza mimi. Nifundishe Desemba.

Mpwa Arusha: Na mimi Bibi, nakuomba.

Binti Marangu: Anauliza unatua uwanja wa ndege, KIA, lini.

Kaka Brighton: Tarehe 18 asubuhi, Mungu akipenda.

Binti Marangu: Anasema ndizi zitavundikwa tarehe 14 ili ukifika zimeiva. Ulezi utaloweshwa mapema uote, Mpwa alete madebe mawili, usiwe na mchanga. Msesewe asiguse mtu, mtakwenda naye mwenyewe kulibandua gome. Na kuni safari hii zikatwe kabla.

Mpwa Arusha: Nitaupepeta mwenyewe kabla sijaja.

Baba Mkubwa: Kuni niachieni mimi.