Kikundi cha Ukoo: Taya la Zawadi

Mama Zawadi: Shikamooni wakubwa. Zawadi aling'olewa gego la mwisho la chini wiki tatu zilizopita na kidonda kikaonekana kupona, lakini sasa taya limevimba, kinywa hakifunguki vizuri, na mdomo wa chini umeingia ganzi. Duka la dawa limempa antibayotiki kwa mara ya pili.

Baba Mkubwa: Marahaba, poleni sana. Je, si lile tundu la jino kukauka baada ya donge la damu kutoka?

Neema: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama Mdogo. Tundu kukauka huanza kuuma siku chache tu baada ya jino kutoka, nalo daktari hulisafisha na kuliwekea dawa likapona. Hili ni jingine. Mama Mdogo, ganzi hiyo ilikuwapo tangu siku ya kung'olewa?

Mama Zawadi: Hapana, imeanza juzi.

Neema: Hilo ndilo linalonitia hofu. Ganzi ya tangu siku ya kwanza mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu kuguswa wakati wa kung'oa, lakini ganzi inayozuka baadaye pamoja na uvimbe yaweza kuwa dalili kwamba maambukizi yameingia ndani ya mfupa, ambamo mshipa huo hupita. Ni nadra, na hushika zaidi taya la chini, kwa kuwa mfupa wake ni mzito na hupata damu kidogo kuliko wa juu. Kipande kikikosa damu hufa, na kwa kuwa dawa husafirishwa na damu, vidonge havikifikii. Hutuliza kwa muda tu. Huenda kipande hicho kikahitaji kuondolewa, usaha ukapimwa, na dawa sahihi ikatumika kwa wiki kadhaa.

Baba Mkubwa: Basi apigwe eksirei hapa mtaani kwanza.

Neema: Apigwe, Baba, ila picha ya kawaida huchelewa kuonyesha ugonjwa huu, kwa hiyo ikiwa safi isitutulize. Kesho aonwe na bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, kama wale wa Muhimbili, na apimwe sukari, maana kisukari huchochea tatizo hili. Ale uji na vyakula laini, kwani taya lililodhoofika huweza kuvunjika kwa kutafuna. Akishindwa kumeza au kupumua, msingoje kuche.

Mama Zawadi: Tutaondoka alfajiri, na nitabeba dawa zote alizokunywa.