Naomba ushauri: mvinyo wa Domaine Tempier niuandalie chakula gani?

Habari zenu wakuu. Naishi Marseille na Jumamosi nina wageni sita. Nina chupa tatu za Domaine Tempier, lile shamba la zabibu la Bandol, eneo la mvinyo kusini mwa Ufaransa: rozé (mvinyo wa rangi ya waridi) moja, nyekundu ya kawaida moja, na La Tourtine ya 2012, nyekundu yao nyingine. Hiyo ya mwisho nimeitunza miaka mingi, sitaki kuiharibu kwa chakula kisichoendana nayo.

Kwa kanuni za Bandol, nusu ya mvinyo mwekundu au zaidi lazima itokane na zabibu za Mourvèdre, na ukae kwenye mapipa ya mbao miezi 18. Ndiyo maana ukiwa mchanga unakaza ulimi kama bibo. Ukizeeka unalainika, unanukia ngozi na majani makavu. Naupenda sana hapo.

Nitaanza na bouillabaisse, ule mchuzi wa samaki wa hapa wenye zafarani, pamoja na rozé. Hapo sina wasiwasi. Kisha paja la kondoo la kuoka kwa kitunguu saumu na rozmari. Je, nyekundu zote mbili ziende na kondoo, au La Tourtine ingoje jibini? Na niimimine kwenye jagi mapema kuondoa mashapo, au itapoteza harufu?

Halafu mgeni mmoja hali bila pilipili. Naona pilipili kali huzidisha ukakasi wa mvinyo, ila aliyejaribu anisahihishe. Nyama naagiza Alhamisi.