Amplifaya ya vali ya bei nafuu kwa nyumbani na shoo ndogo: wati ngapi zinatosha?

Nyuzi Sita

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozijua amplifaya za gitaa za vali, zile zenye chupa za kioo ndani. Matumizi ni mawili: mazoezi ya nyumbani, mara nyingi usiku, na shoo ndogo za watu 40 hadi 80. Bendi ina gitaa mbili, besi na dramu. Gitaa ni la solo, sauti safi muda mwingi, na mkwaruzo wa kiasi solo ikifika. Pedali za mkwaruzo na mwangwi zipo.

Bajeti ni ndogo, kwa hiyo amplifaya itakuwa moja kwa kazi zote, na ya mtumba siikatai. Je, wati 5 zinatosha, au 15, au niende hadi 40? Hizi aina za vali za nguvu (zinazosukuma spika), EL84, 6V6 na EL34, zinatofautianaje kwa mpigaji? Na nikienda kukagua iliyotumika, niangalie nini hasa?

Rithimu Kuu

Mkuu, wati ndizo zinazowapoteza wengi, tuanze nazo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Sikio linaisikia tofauti hiyo, lakini haimshtui mtu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo mwenye wati 30 hajamwacha mbali mwenye 15.

Kinachosahaulika ni spika. Kila spika ina kipimo cha usikivu: desibeli ngapi inatoa kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 97 ikipewa wati 30 inatoa takriban 112. Spika ya desibeli 100 inafika hapohapo kwa wati 15. Maana yake, kubadilisha spika kunaweza kufanya kazi ileile ya kununua amplifaya yenye nguvu maradufu. Celestion Vintage 30, kwa mfano, imeandikwa desibeli 100, na Greenback ya wati 25 imeandikwa 98.

Sasa hesabu hiyohiyo igeuze upande wa nyumbani. Wati 1 kwenye spika ya desibeli 97 ni desibeli 97 mita moja kutoka ulipokaa. Usiku hiyo ni kelele ya kuamsha nyumba nzima. Hata wati 0.1 ni desibeli 87. Ndiyo maana anayenunua wati 5 akidhani "ni ya chumbani" hushangaa: akitaka vali zikwaruze zenyewe, wati 5 nazo ni nyingi mno. Kwa nyumbani usitafute wati chache tu. Tafuta njia ya kushusha sauti bila kuiua: volyumu kuu inayofanya kazi vizuri, au swichi ya kupunguza nguvu, au tundu la pili la kuingizia gitaa lenye nguvu ndogo.

Kwenye shoo swali ni moja: sauti SAFI inafika wapi kabla haijaanza kukwaruza? Dramu ikipigwa kwa nguvu, wati 5 zitakuwa zimeshavunjika sauti kabla hujasikika. Kwa mwenye mkwaruzo muda wote hilo si tatizo, lakini wewe umesema sauti safi kwa wingi. Kwa maelezo yako ningechukua wati 15 hadi 20, vali mbili za nguvu, spika ya inchi 12. Wati 40 safi zitakupa nafasi, ila uzito na gharama ya vali vinapanda, na nyumbani utaishi na volyumu kwenye 1, mahali ambapo kuigusa kidogo tu sauti inaruka.

Za kuangalia: Fender Blues Junior (wati 15, EL84 mbili, inchi 12, mwangwi wa springi), Laney CUB 12R (wati 15, EL84 mbili, na ina tundu la pili lisilofika wati 1), Vox AC15C1 (wati 15, EL84 mbili, ila ina kilo kama 22, mikono ijiandae), na Marshall DSL20CR (EL34 mbili, wati 20 zinazoshuka hadi 10). Kwa kazi zako mbili, ile ya tundu la pili inanivutia zaidi.

Kuhusu vali zenyewe: EL84 huwa na mng'ao kwenye sauti za juu na huanza kukwaruza mapema. 6V6 ni laini na ya mviringo. EL34 ina kifua, sauti ya katikati inasukuma. Ila usinunue kwa jina la vali peke yake. Mzunguko, transfoma na spika vina sauti kubwa kuliko hizo herufi na namba.

Kapo la Pili

Naomba nitofautiane kidogo na Rithimu Kuu. Kama kwenye shoo kuna mikisa na spika za ukumbi, wati 5 zinatosha: weka maiki mbele ya amplifaya, ukumbi ufanye kazi ya kusambaza. Bugera V5 ina EL84 moja na swichi ya wati 5, 1 na 0.1, kwa hiyo nyumbani unapata utulivu. Udhaifu wake ni spika ya inchi 8, besi yake ni nyembamba. Ikiunganishwa na kabati la inchi 12 inabadilika kabisa.

Maiki ya aina ya Shure SM57 isogeze hadi sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa, ielekee ukingo wa kile kikofia cha katikati ya spika. Katikati kabisa sauti inachoma. Ukisogea kuelekea pembeni inakuwa nzito na hafifu. Sogeza sentimita moja moja huku mtu anapiga, utasikia mahali pake.

Rithimu Kuu

Sawa, lakini hiyo inategemea kuwepo kwa mikisa yenye nafasi na spika ya jukwaani ya kumrudishia mpigaji sauti yake. Kwenye shoo ndogo mara nyingi vinavyopita kwenye mikisa ni sauti za waimbaji tu. Mwenye amplifaya moja anunue inayoweza kusimama yenyewe.

Fundi Lehemu

Niende kwenye ya mtumba, maana hapo ndipo bei nafuu inapogeuka ghali.

Kabla ya kuwasha, geuza mgongo wa amplifaya. Soma kibao: volti ngapi, hezi ngapi, fyuzi ya ngapi. Fungua kifuniko cha fyuzi. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya fedha, au ni ya ampea kubwa kuliko iliyoandikwa, kuna kitu kilikuwa kinaikata na mtu akaamua kuinyamazisha. Rudisha chini, ondoka. Angalia plagi pia: pini ya ethi ikiwa imekatwa, hiyo amplifaya inaweza kukuua kupitia nyuzi za gitaa. Watu huikata ili kuondoa mvumo. Mvumo una tiba nyingine. Ethi haikatwi.

Washa, volyumu zote sifuri, bila gitaa, subiri dakika moja au mbili vali zipate moto. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mkubwa ambao haubadiliki ukigusa volyumu unatoka hatua ya nguvu, ile ya mwisho inayosukuma spika: ama kapasita za kuchuja umeme zimechoka, ama vali mbili za nguvu hazilingani. Unaopanda pamoja na volyumu unatoka hatua ya mwanzo. Kapasita hizo za elektroliti huchoka kwa umri hata kifaa kikikaa bila kutumika. Kikiwa na miaka 20 na hazijawahi kubadilishwa, ingiza gharama yake kwenye bei mnayopatana.

Punguza mwanga wa chumba, tazama vali. Uzi wa ndani kuwaka rangi ya chungwa ni kawaida. Mwanga wa bluu karibu na kioo kwa kawaida hauna shida. Lakini lile bamba la kijivu lililozunguka uzi likianza kuwa jekundu, zima hapohapo, vali inapitisha mkondo kupita kiasi. Doa la fedha kwenye kioo likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, vali hiyo imekufa.

Kisha gonga kila vali taratibu kwa penseli ya mbao huku volyumu iko katikati. Mguso mdogo kusikika kwenye vali ya kwanza si kitu. Inayolia kama kengele au kukwaruza inabadilishwa, na kama ni 12AX7, vali ndogo ya hatua ya mwanzo, si gharama kubwa. Zungusha kila kitasa. Kinachokwaruza mara nyingi hutibika kwa dawa ya kusafishia viunganishi. Kikiendelea baada ya kusafishwa, shuku kapasita inayovujisha volti kwenda kwenye kitasa.

La mwisho, na hili wengi hawalifanyi: piga kwa nusu saa nzima, kwa sauti. Kwenye kombo nyingi (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) vali zimening'inia kichwa chini, joto linapanda kuelekea kwenye soketi zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Lehemu inapasuka taratibu. Ikiwa baridi inashika vizuri, ikipata moto sauti inakatika na kurudi. Dakika tano za kujaribu hazitakuonyesha hilo.

Usifungue chasisi kama hujafundishwa. Ndani kuna volti 300 hadi 450, na kapasita zinazihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi huzimaliza kupitia rezista, mfano ya kiloomu 10, wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa, akishikilia sekunde 10 au zaidi, kisha anapima kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Nyuzi Sita

Asanteni sana, hii ni shule. Nimeongezewa maswali mawili. Kuna nzuri ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, kibao kinasema 120V 60Hz, na umeme ninaotumia ni 230V 50Hz. Je, transfoma ya nje inatosha? Na nikiongeza kabati la spika, hizo omu (ukinzani wa spika) nazipangaje?

Fundi Lehemu

Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, utaunguza. Ya nje ya kushusha volti inafanya kazi, kwa masharti. Soma wati za matumizi kwenye kibao cha nyuma, si zile za sauti: amplifaya ya wati 15 za sauti inakula umeme mara kadhaa zaidi, maana vali zinapashwa moto muda wote. Chukua transfoma yenye uwezo angalau mara moja na nusu ya hizo, na iwe inapitisha ethi hadi kwenye amplifaya.

Tatizo la pili ni hizo hezi, na transfoma ya nje hairekebishi hezi. Transfoma iliyobanwa kwa 60 tu, ikilishwa 50, chuma chake kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20. Inapata moto na kuvuma. Kibao kikisema 50/60Hz huna wasiwasi. Kikisema 60 peke yake, ningeiacha, au ningepiga hesabu ya kubadilisha transfoma yenyewe kabla ya kutoa pesa.

Omu: linganisha. Tundu la omu 8 lipewe spika ya omu 8. Spika mbili za omu 8 sambamba ni omu 4, kwa mfululizo ni 16. Kosa kubwa zaidi ni kuwasha na kupiga bila spika. Amplifaya za transista nyingi zinavumilia hilo, ya vali haivumilii: nguvu haina pa kwenda, volti inaruka ndani ya transfoma ya kutolea sauti na kuitoboa, na hiyo ni miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote ndani ya boksi. Tumia kebo ya spika yenye nyaya mbili nene. Kebo ya gitaa ina uzi mwembamba, ikikatika katikati ya wimbo umebaki bila spika.

Vali za nguvu zikichoka, nunua jozi iliyolinganishwa. Kabla ya hapo uliza kama bayasi, yaani mpangilio wa mkondo wa vali zikiwa zimetulia, ni ya kathodi, inayojirekebisha yenyewe. Ikiwa ndiyo, kwa kawaida unachomeka vali za aina ileile na kupiga. Ikiwa ni ya kurekebishwa, fundi apime. Mfano wa EL34: uwezo wa bamba ni wati 25, asilimia 70 yake ni 17.5, gawa kwa volti 450 unapata kama miliampea 39 kwa kila vali. Hicho ni kikomo cha juu, chini kidogo vali zinadumu zaidi.

Kapo la Pili

Kuhusu usiku: kama amplifaya utakayoipata haina swichi ya kupunguza nguvu, kuna kifaa kinachokaa kati yake na spika na kula sehemu ya nguvu. Desibeli 12 zinashusha wati 15 hadi karibu 1. Kiwe cha omu sawa na tundu, na kibebe wati angalau mara mbili ya amplifaya. Kumbuka vali hazijui kama kipo, zinachoka kwa kasi ileile ya kupiga kwa nguvu. Tena sikio likipewa sauti ndogo halisikii besi vizuri, ongeza besi kidogo, usidhani kifaa kimeharibu.

Kwa sauti safi hutakihitaji kabisa. Volyumu kuu na pedali yako ya mkwaruzo vinatosha.

Rithimu Kuu

Kuhusu pedali ya mwangwi: ukipata mkwaruzo kutoka kwenye amplifaya yenyewe, mwangwi upitishe kwenye matundu ya nyuma ya kupeleka na kurudisha, usiukwaruze. Blues Junior haina matundu hayo, CUB 12R na DSL20CR zinayo. Mkwaruzo ukitoka kwenye pedali, panga tu mkwaruzo kwanza, mwangwi baadaye, zote mbele.

Na jukwaani usiiweke sakafuni ikipiga magoti yako. Sauti za juu zinatoka kwenye spika zikiwa zimenyooka kama tochi. Wewe hapo juu husikii, unaongeza, walio mbele wanaumia masikio. Iweke juu ya kiti au iinamishe nyuma ielekee kichwa chako, ndipo urekebishe toni.

Nyuzi Sita

Nimeelewa. Ile ya 120V naiacha, kibao chake kinasema 60 peke yake. Natafuta ya wati 15 yenye tundu la nguvu ndogo na matundu ya nyuma, na penseli nakwenda nayo.

Fundi Lehemu

Nenda na kebo yako ya gitaa pia, inayojulikana ni nzima. Ya muuzaji ikikwaruza hutajua ni kebo au ni amplifaya.