Mrejesho: meza ya kompyuta na maumivu ya shingo

Niliuliza kwa nini shingo na vifundo vya mikono vinauma kila nikikaa kwenye meza ya sentimita 75. Asanteni sana wakuu, tatizo lilikuwa vimo vya kiti na skrini. Kiti kimepandishwa mpaka viwiko vikalingana na meza. Miguu ikaning'inia, hivyo chini kimewekwa kibao cha sentimita 8. Msiiruke hatua hii, la sivyo ukingo wa kiti utabana mapaja. Laptopu imeinuliwa hadi ukingo wa juu wa skrini ukafika usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, na imeunganishwa kibodi nyingine, tofauti na ile ya laptopu. Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vikunjeni kabisa: vinafanya viganja vipinde kuelekea juu. Shingo imetulia. Bega la kulia bado. Mausi ilikuwa mbali, sasa imesogezwa ikagusana na kibodi.